Mwili wa Moto Si Homa Kila Mara: Kuyatambua Madhara ya Joto Katika Msimu wa Kaskazi

Kuanzia mwezi Desemba hadi Machi, pepo za kaskazi zinapovuma, wakazi wa Tanga, Bagamoyo, Dar es Salaam na visiwa vya Unguja na Pemba huingia katika kipindi kinachoitesa miili yao kuliko vipindi vingine vyote vya mwaka. Mchana joto hufika nyuzijoto 32 au 33 za Selsiasi, na usiku halishuki sana chini ya 25. Kwa kuangalia tarakimu peke yake mtu anaweza kulidharau joto hilo, kwa kuwa zipo nchi za jangwani ambako kipimajoto hupita 45. Lakini yeyote aliyewahi kulala chini ya bati mwezi wa Februari anajua kwamba joto la pwani lina ukali wake, na kwamba ukali huo hausomeki wote kwenye kipimajoto.

Katika miezi hiyohiyo, zahanati na vituo vya afya huendelea kupokea wagonjwa wenye miili ya moto. Kwa mazoea ya vizazi vingi, mwili wa moto huitwa homa, na homa nayo hudhaniwa kuwa malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Mazoea hayo hayakuzuka bure: malaria ni ugonjwa unaoua, na kuuwahi ni busara. Tatizo ni kwamba mwili unaweza kuwa wa moto bila ya kuwa na homa. Mgonjwa aliyezidiwa na joto la nje, akitendewa kama mwenye homa, hupewa parasetamoli, hufunikwa shuka na kuambiwa asubiri majibu ya maabara. Wakati akisubiri, ubongo, ini na figo zake huendelea kuumizwa na joto lilelile ambalo hakuna aliyeanza kulipunguza. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, nusu saa ya kwanza ina uzito kuliko dawa yoyote iliyomo kabatini.

Homa ni kitu kimoja, kuzidiwa na joto ni kingine

Ndani ya ubongo iko sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, ambayo kazi yake mojawapo ni kulinda joto la mwili lisitoke mbali na nyuzijoto 37. Vimelea vya maradhi vinapoingia mwilini, kinga ya mwili hutoa kemikali zinazoiamuru sehemu hiyo ipandishe kiwango chake, kwa mfano kutoka 37 hadi 39. Kuanzia hapo, mwili wenye nyuzijoto 37 hujiona una baridi. Ndiyo maana mgonjwa wa malaria hutetemeka na kuomba blanketi saa saba mchana. Hiyo ndiyo homa: joto limepanda kwa sababu ubongo wenyewe umetaka lipande. Parasetamoli hufanya kazi kwa kuzuia kemikali hizo, na kiwango hurejea mahali pake.

Kuzidiwa na joto ni jambo tofauti kabisa. Hapa ubongo haukuamuru lolote. Bado unataka nyuzijoto 37, na mwili unajitahidi kwa jasho na kwa kupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili upoe. Lakini joto linaloingia kutoka nje, pamoja na lile linalozalishwa na misuli, ni kubwa kuliko lile linaloweza kutoka. Mwili umeshindwa mapambano. Parasetamoli haina cha kurekebisha katika hali hiyo, kwa kuwa kiwango cha ubongo hakikupanda, na zaidi ya hapo dawa hiyo huliongezea mzigo ini ambalo tayari limeumizwa na joto. Aspirini nayo haisaidii, na inaweza kuzidisha hatari ya kutokwa na damu. Tiba ni moja tu: kuupoza mwili, tena kwa haraka.

Jasho lisilokauka

Mtu aliyeketi kitako huzalisha joto la takriban wati 100, sawa na taa ya umeme ya aina ya zamani. Anayebeba mifuko ya saruji au kusukuma mkokoteni wenye mzigo huzalisha mara nne au tano ya kiasi hicho. Joto hilo lazima litoke, na hewa ya nje inapokaribia joto la ngozi, njia kubwa inayobaki ni jasho. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoa takriban kilokalori 580 za joto. Neno la kuzingatia hapa ni "ikikauka". Jasho linalodondoka chini au kulowesha shati halikumpoza mtu. Limempotezea maji na chumvi bure.

Hapo ndipo pwani inapotofautiana na bara. Dodoma na Dar es Salaam zinaweza kuwa na nyuzijoto 32 siku moja, lakini hewa ya Dodoma ikiwa kavu jasho hukauka upesi, ilhali hewa ya Dar es Salaam, iliyojaa unyevu wa bahari, huliacha jasho likichuruzika. Kwa muda mrefu wataalamu walikadiria kinadharia kwamba mwanadamu anaweza kuvumilia hewa iliyojaa unyevu kabisa hadi nyuzijoto 35. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa vijana wenye afya njema, yakaonyesha kwamba katika hewa ya namna hiyo mwili huanza kushindwa kwenye nyuzijoto 31 hivi. Ikiwa vijana wazima hushindwa hapo, mzee mwenye maradhi ya moyo atashindwa mapema zaidi.

Joto kavu nalo lina hatari zake, na Waswahili wengi hukutana nalo wakiwa safarini. Katika Hija ya mwaka 2024 joto la Makka lilipita nyuzijoto 50, na serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301. Wengi wa waliofariki walikuwa mahujaji wasio na vibali rasmi, waliotembea mwendo mrefu juani bila ya makazi wala mahali pa kupumzika. Anayetarajia kwenda huko, hasa mzee au mwenye maradhi ya kudumu, anapaswa kuonana na daktari wiki kadhaa kabla ya safari. Si siku ya chanjo pekee.

Ngazi za madhara

Madhara ya joto huanza kwa mambo madogo. Ngazi ya chini ni harara, vipele vidogo vinavyowasha shingoni, kifuani na penye mikunjo ya ngozi, hasa kwa watoto wachanga. Nyingine ni kukaza kwa misuli ya miguu, mikono au tumbo kwa mtu aliyetoka jasho jingi. Wapo pia wanaoanguka na kupoteza fahamu kwa muda mfupi baada ya kusimama sana juani, kisha wakazinduka wakilazwa kivulini na kuinuliwa miguu.

Ngazi inayofuata ni uchovu wa joto. Mgonjwa hutoka jasho jingi, huumwa kichwa, husikia kizunguzungu, kichefuchefu na kiu kali, mapigo ya moyo huenda mbio na mwili hulegea. Akili yake bado iko timamu: anajua jina lake, mahali alipo na siku ya leo. Huyu akipumzishwa penye ubaridi, akavuliwa nguo nzito, akamwagiwa maji na kunyweshwa maji ya ORS kidogokidogo, kwa kawaida hupata nafuu ndani ya saa moja. Asipopata nafuu, au akiendelea kutapika, apelekwe kituo cha afya.

Ngazi ya juu ni kiharusi cha joto. Licha ya jina lake, si kiharusi cha mishipa ya damu ya ubongo, ingawa ni hatari vilevile. Joto la ndani ya mwili hupita nyuzijoto 40 na ubongo huanza kuvurugika. Mgonjwa huongea maneno yasiyoeleweka, hukasirika bila sababu, huyumba kama mlevi, hupata degedege au hupoteza fahamu. Dalili ya ubongo ndiyo mpaka kati ya uchovu wa joto na kiharusi cha joto, na kila anayehudumia wagonjwa anapaswa kuukariri mpaka huo.

Vitabu vingi vya zamani vilieleza kwamba ngozi ya mgonjwa wa kiharusi cha joto huwa kavu. Hilo huonekana zaidi kwa wazee waliokaa siku kadhaa katika nyumba zenye joto. Kibarua, askari au mwanamichezo anayeanguka akiwa kazini anaweza kuwa ameloa jasho chapachapa, na bado akawa katika hatari ya kufa. Jasho lisimhadae mtu.

Poza kwanza, safirisha baadaye

Mfano mmoja unatosha kuonyesha maana ya kanuni hii. Kijana mwenye afya ameanza kazi ya ujenzi juzi. Saa nane mchana, akiwa anapandisha zege ghorofani, anaanza kutukana wenzake, kisha anaanguka. Wenzake wanaweza kumpakia katika bajaji na kukaa saa nzima kwenye foleni ya magari, au wanaweza kumpoza palepale kwa pipa la maji lililopo hatua chache kutoka alipoanguka. Uzoefu uliokusanywa kwa wanajeshi na wanariadha katika nchi mbalimbali unaonyesha kwamba wale wanaopozwa upesi, joto likashuka chini ya nyuzijoto 39 ndani ya nusu saa, karibu wote huokoka. Pipa la maji, kwa hiyo, ndilo chumba cha kwanza cha wagonjwa mahututi.

Hatua za kufuata ni hizi:

Mgonjwa ahamishiwe kivulini na avuliwe nguo kadiri stara inavyoruhusu. Viatu vizito, kofia ngumu na jaketi viondolewe.

Amwagiwe maji mwili mzima, mfululizo, na watu wawili au zaidi wampepee kwa nguvu kwa kanga, kipande cha boksi au feni. Maji ya bomba au ya mtungi yanafaa. Barafu si sharti. Ikiwa ni kijana aliyeanguka kazini au mchezoni na kuna beseni kubwa, azamishwe humo mpaka kifuani, kichwa kikishikiliwa juu ya maji wakati wote.

Barafu ikipatikana, ifungwe katika kitambaa na kuwekwa shingoni, kwapani na kwenye kinena, huku kumwagia maji na kupepea kukiendelea.

Aliyechanganyikiwa au kupoteza fahamu asinyweshwe kitu chochote, maana kitaingia mapafuni. Alazwe ubavu.

Gari liitwe wakati upozaji ukiendelea, na njiani aendelee kuloweshwa na kupepewa, madirisha yakiwa wazi.

Asipewe parasetamoli, asifunikwe, na asipakwe spiriti mwilini.

Katika chumba cha matibabu

Kwa mhudumu wa afya, jambo la kwanza ni kuuliza maswali ambayo mara nyingi husahaulika: Alikuwa wapi alipoanza kuumwa? Alikuwa akifanya kazi gani, na ameifanya kwa siku ngapi? Chumba anacholala kina bati tupu au dari? Anatumia dawa gani? Majibu ya maswali haya manne hugeuza mwelekeo wa uchunguzi kwa dakika moja.

La pili ni kupima joto mahali sahihi. Kipimajoto cha kwapani husoma chini ya joto halisi la ndani, hasa kwa mgonjwa aliyeloa jasho au aliyekwisha mwagiwa maji. Kwa mgonjwa aliyechanganyikiwa, joto lipimwe kwa njia ya haja kubwa. Nyuzijoto 39 za kwapani kwa mtu anayeweweseka baada ya kazi ya juani zisimridhishe mhudumu.

La tatu ni kutosubiri. Sukari ya damu ipimwe mara moja, na kipimo cha haraka cha malaria kifanyike, lakini maji na feni vitangulie. Mhudumu akumbuke pia kwamba kipimo cha haraka kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya malaria kutibiwa, na kwamba jibu chanya halizuii mtu kuwa na kiharusi cha joto kwa wakati huohuo. Pale ambapo malaria kali au homa ya uti wa mgongo haiwezi kuondolewa shaka, tiba yake ianze sambamba na upozaji. Kumpoza mgonjwa ambaye baadaye anagundulika kuwa na malaria ni kosa dogo sana. Kuacha kumpoza mwenye kiharusi cha joto ni kosa lisilosahihishika.

Upozaji wa nguvu usimamishwe joto la ndani linapofika kati ya nyuzijoto 38.5 na 39, ili mwili usipoe kupita kiasi. Degedege litibiwe kwa diazepamu kama kawaida. Dripu itolewe kwa kipimo. Mzee mwenye moyo dhaifu anaweza kuzama kwa maji yaleyale yanayomwokoa kijana. Mkojo wa rangi ya kahawia ni ishara kwamba misuli imeharibika na figo ziko hatarini, na mgonjwa huyo apewe rufaa hata kama amezinduka na anacheka. Hatimaye, utambuzi uandikwe katika rejesta kwa jina lake. Kisichoandikwa hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hakipangiwi bajeti.

Walio hatarini zaidi

Mwezi Julai 1995, wimbi la joto la siku chache lilisababisha vifo zaidi ya 700 katika jiji la Chicago, Marekani. Mwaka 2003, joto la kiangazi liliua watu zaidi ya 70,000 barani Ulaya. Wachunguzi waliofuatilia vifo hivyo waligundua kwamba wengi walikuwa wazee, na kwamba kuishi peke yako bila mtu wa kukujulia hali kulikuwa hatari kubwa. Funzo hilo linawahusu pia wakazi wa miji ya Afrika Mashariki, ambako wazee wengi zaidi sasa hubaki nyumbani peke yao mchana kutwa, watoto wakiwa kazini. Mzee hasikii kiu kama kijana, na ngozi yake hutoa jasho kidogo. Kumpitia bibi wa nyumba ya pili saa saba mchana, kumpa maji na kumfungulia dirisha, ni huduma ya afya kamili.

Watoto wachanga nao hupata joto upesi, na desturi ya kuwafunika kofia ya sufi na mablanketi mawili haifai katika Februari ya pwani. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji ya kunywa hata wakati wa joto. Sehemu kubwa ya maziwa ya mama ni maji, karibu asilimia 88. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi, na mama ndiye anywe maji ya kutosha. Kamwe mtoto asiachwe ndani ya gari lililofungwa, hata kwa muda wa kununua mkate. Joto la ndani ya gari lililoegeshwa juani linaweza kupanda kwa nyuzijoto 10 katika dakika kumi tu.

Wajawazito wako hatarini kwa kuwa joto kali limehusishwa na kujifungua kabla ya wakati na kuzaa mtoto mfu. Wenye selimundu, ugonjwa unaowagusa watoto wengi nchini Tanzania, hupatwa na maumivu makali mwili unapokauka. Wenye kisukari na maradhi ya figo hupoteza maji kwa urahisi. Na wafanyakazi wa juani, kuanzia wabeba mizigo wa Kariakoo, waendesha bodaboda, wakaanga samaki na mama lishe wanaosimama mbele ya moto, hadi wavuna chumvi, hukutana na joto kila siku kwa miaka. Katika mashamba ya miwa ya Nikaragua na El Salvador, wakata miwa vijana wengi wamepata ugonjwa sugu wa figo usiotokana na kisukari wala shinikizo la damu, na kazi nzito katika joto bila maji ya kutosha inahesabiwa miongoni mwa sababu zake kuu.

Dawa zinazoongeza hatari

Baadhi ya dawa za kila siku hudhoofisha uwezo wa mwili kujipoza. Dawa za kukojoza, kama furosemidi, hupunguza maji. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu huuzuia moyo kuongeza kasi yake, au huzifanya figo zishindwe kuhimili ukavu. Amitriptilini, pamoja na dawa nyingi za magonjwa ya akili kama klopromazini na haloperidoli, huweza kupunguza jasho au kuivuruga ile mizani ya ubongo. Mgonjwa asiache dawa hizi kwa uamuzi wake. Kuziacha ghafla kunaweza kuleta madhara makubwa kuliko joto lenyewe. Kinachotakiwa ni mgonjwa kuuliza kliniki kabla ya msimu wa joto, na mhudumu kuwa tayari kurekebisha kipimo. Mwenye moyo dhaifu au figo mbovu aliyewekewa kikomo cha maji aulize pia kikomo hicho kibadilikeje, na ajipime uzito kila asubuhi.

Insulini inahitaji uangalizi wa peke yake. Chupa ambazo hazijafunguliwa huhifadhiwa kwenye jokofu kati ya nyuzijoto 2 na 8, bila kugandishwa. Kwa asiye na jokofu, mtungi wa udongo uliowekwa kivulini na kuloweshwa nje hupunguza joto kwa njia ileile ya jasho. Utafiti wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa mwaka 2021 kwa kutumia vipimo vya joto vya kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Kenya, ulionyesha kwamba insulini iliyokaa wiki nne katika joto la kati ya nyuzijoto 25 na 37 haikupoteza nguvu yake. Matokeo hayo ni faraja kwa maskini, lakini hayahalalishi kuiacha chupa juani au juu ya kabati lililo chini ya bati.

Kujikinga nyumbani na kazini

Wajenzi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar waliyajua mengi kabla ya kiyoyozi: kuta nene za mawe, dari za juu, ua wa ndani na madirisha yanayopishana ili upepo upite. Mwenye nyumba ya bati leo anaweza kuiga sehemu ya hekima hiyo kwa kuweka dari, kupaka bati rangi nyeupe, kufungua madirisha ya pande mbili jioni na kupanda mwembe au mwarobaini upande wa magharibi. Feni husaidia, hasa ngozi ikiwa imelowa, mradi hewa ya chumba haijafika nyuzijoto 40. Ikipita hapo, feni hupuliza joto mwilini. Kuoga kabla ya kulala na kujifunika kanga iliyoloweshwa ni tiba za zamani zenye msingi wa kisayansi.

Kazini, kanuni ni maji, mapumziko na kivuli. Kikombe cha robo lita kila baada ya dakika 15 hadi 20 kinafaa kuliko kunywa lita mbili kwa mkupuo mwisho wa kazi. Hata hivyo, kupita lita moja na nusu kwa saa kunaweza kuzimua chumvi ya damu na kuleta degedege, kwa hiyo anayetoka jasho saa nyingi apate pia chakula chenye chumvi au ORS. Pasipo na pakiti, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, huchanganywa katika lita moja ya maji safi. Mkojo wenye rangi hafifu ya njano huonyesha kwamba maji yanatosha.

Mfanyakazi mgeni ndiye aliye hatarini kuliko wote. Mwili huhitaji siku 7 hadi 14 kuzoea joto; kwa hiyo siku ya kwanza apewe kama sehemu moja ya tano ya kazi ya kawaida, kisha aongezewe taratibu. Msimamizi anayempima kibarua mgeni kwa kasi ya wenyeji anacheza na roho ya mtu.

Katika miaka hii mwezi wa Ramadhani unaangukia ndani ya msimu wa kaskazi. Mfungaji anaweza kuhamishia kazi nzito alfajiri au baada ya futari, kuchelewesha daku na kunywa maji kidogokidogo usiku kucha. Mgonjwa ana ruhusa katika dini, na anayeanza kuchanganyikiwa au kuzirai kwa joto ni mgonjwa. Mwenye kisukari, selimundu, ugonjwa wa figo au mimba azungumze na mhudumu wa afya kabla ya kufunga.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kila siku, na familia nyingi huusikiliza kwa ajili ya mvua. Inafaa sasa usikilizwe pia kwa ajili ya joto, maana kukingwa na joto hakuhitaji hospitali kubwa. Kunahitaji pipa la maji lililojazwa asubuhi, kivuli, jirani anayebisha hodi, na mhudumu ambaye, anapoguswa na mwili wa moto, hujiuliza kwanza: je, hii ni homa, au ni mtu aliyeshindwa kupoa? Palipo na shaka, na mgonjwa amechanganyikiwa, maji yamwagwe kwanza; maswali mengine yatajibiwa akiwa hai.